Riziki ya Baharini: Kutoka Meli ya Mizigo Hadi Yoti ya Tajiri



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeitiisha bahari ili waja wake wasafiri juu yake na watafute fadhila zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Suali la wiki hii limetufikia zaidi ya mara moja, na kila mara limeletwa na mwanamke: mama wa baharia, au mke wake. Kijana amefanya kazi miaka kadhaa katika meli za mizigo. Sasa ameambiwa kuna nafasi katika yoti, vile vyombo vya starehe vya matajiri, huko Ulaya au Ghuba. Mshahara ni mzuri, na bakhshishi juu yake. Yeye amefurahi na ataka kutia saini haraka kabla nafasi haijachukuliwa na mwingine. Nyumbani wamebaki na wasiwasi: Je, riziki hiyo ni halali? Na je, mtu wetu atakuwa salama?

Watu wa pwani hii si wageni wa bahari. Wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa waliondoka kwa majahazi na upepo wa kusi wakafika Arabuni na Bara Hindi, wakarudi na kaskazi. Wajukuu wao wakaingia katika meli za chuma na wakasomesha watoto kwa pesa za bahari. Kwa hivyo hatuandiki haya kumtisha mtu na kazi ya ubaharia, ambayo ni kazi tukufu. Twaandika kwa sababu kuhama kutoka meli ya mizigo kwenda kwenye yoti ni kubadilisha kazi yenyewe, ingawa maji ni yale yale, na familia inapaswa kulijua hilo kabla ya saini, si baada yake.

Yoti ni chombo gani

Yoti kubwa tunazozizungumzia ni zile za kuanzia mita 24 na kuendelea. Nyingine zapita mita 100. Zile za kukodishwa kwa kawaida hazichukui abiria zaidi ya 12, lakini mabaharia wanaowahudumia abiria hao katika yoti kubwa huwa wengi kuliko wageni wenyewe. Kazi hugawanywa katika sehemu nne: sitaha, chumba cha mitambo, jiko, na huduma ya ndani, yaani vyumba, meza na vinywaji. Msimu wa bahari ya Mediterania ni takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na bandari zake mashuhuri ni kama Antibes kule Ufaransa na Palma kule Hispania. Baridi ikiingia, yoti nyingi huvuka kwenda visiwa vya Karibi.

Sababu ya baharia wa mizigo kutamani kazi hii si ngumu kuielewa. Mikataba ya meli za mizigo ni mirefu, na meli ya makontena hukaa gatini kwa saa chache tu kisha ikang'oa nanga. Baharia huizunguka dunia asione mji. Tena vyeti alivyovipata kwa jasho, vya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia uitwao STCW, vinatambuliwa pia huko kwenye yoti. Kwa afisa mwenye cheti kamili cha meli za biashara kuna faida zaidi: vyeti maalumu vya yoti vina kikomo cha tani 3,000 za ujazo, na yoti iliyopita kikomo hicho yamhitaji afisa wa meli kubwa.

Lakini baharia wa kawaida asidhani kwamba cheo chake kitamfuata. Aliyekuwa mtu wa kutegemewa katika meli ya mizigo aweza kuanza upya, akiosha sitaha ya mbao za msaji kila asubuhi na kufuta chumvi kwenye vioo kabla mgeni hajaamka. Hilo si aibu. Hakuna kazi ya halali iliyo duni. Tunalitaja ili mke na mama wasiambiwe habari za cheo na mshahara ambazo hazipo.

Jambo la kwanza: atatumikia nini?

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Baharia wa meli ya mizigo huitumikia meli na shehena. Kontena halimwambii amletee kinywaji. Baharia wa yoti hutumikia starehe za watu, na starehe za wengi wa wageni hao zina pombe ndani yake.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Miongoni mwao hayumo mnywaji peke yake: yumo anayeikamua, anayeiuza, anayeibeba, na anayewanywesha watu. Na katika Surat al-Maida, aya ya 2, tumeamrishwa tusaidiane katika wema na uchamungu, na tukakatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Kutokana na hayo wanazuoni wameweka kanuni: mtu akikodisha nguvu zake kwa kazi iliyo halali, ujira wake ni halali, akizikodisha kwa maasia yenyewe, ujira huo hauna baraka wala ruhusa.

Basi tukiipima yoti kwa kanuni hiyo, hukumu haiwi moja kwa wote. Fundi wa mitambo anayetunza injini, jenereta na mashine za kusafisha maji anafanya kazi halali. Afisa anayeongoza chombo, anayesoma ramani na kulinda maisha ya watu, kazi yake kwa asili yake ni halali. Ama mhudumu wa ndani ambaye kazi yake ya kila jioni ni kumimina mvinyo na kupanga glasi, huyo ndiye yule mnyweshaji aliyetajwa katika hadithi, na hatuwezi kumtafutia mlango wa kupitia. Mpishi naye atapikia watu nyama ya nguruwe na michuzi ya mvinyo, ila akipata mwenye yoti asiyetaka vitu hivyo.

Msomaji atauliza: meli ya mizigo nayo, je, haikosi kontena lenye pombe? Kweli, huenda likawemo. Lakini baharia yule hakuajiriwa kwa ajili ya kontena hilo, wala halijui lilipo miongoni mwa maelfu. Hayo si sawa na mtu anayeshika chupa kwa mkono wake na kumpa mnywaji.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukubwa wa yoti una athari katika halali na haramu ya mtu. Katika yoti kubwa yenye mabaharia wengi, sehemu hizi nne zimetengana, na fundi wa mitambo aweza kumaliza wiki asimwone mgeni. Katika yoti ndogo yenye watu watano au sita, kila mmoja hufanya kila kitu: baharia wa sitaha asubuhi afunga kamba, mchana abeba sanduku la vinywaji kulipeleka ufukweni, usiku aitwa kusaidia mezani. Mkataba umeandikwa "baharia wa sitaha", na sinia iko mkononi. Kwa hivyo asiulize jina la kazi tu. Aulize mabaharia ni wangapi, na wageni wakiwepo yeye hufanya nini.

Wapo wanaosema, "Lakini mwenye yoti ni Mwislamu wa Ghuba." Ni vyema, na zipo yoti ambazo pombe haipandi na sala inaheshimiwa. Hata hivyo jina la mwenye mali si dhamana. Aulizwe kama wengine wote.

Na aliyekwisha kuingia katika kazi yenye shaka naye hatumfungii mlango wa rehema. Asiache kazi usiku mmoja watoto wakalala njaa na deni la ada ya mafunzo likamkaba. Aombe kuhamishiwa sitaha au mitambo, atafute chombo kingine kwa bidii, na ashike ahadi iliyomo katika Surat at-Talaq, aya ya 2 na ya 3, kwamba mwenye kumcha Mungu hutengenezewa njia ya kutokea na huruzukiwa kwa namna asiyoitarajia.

Jambo la pili: mkataba

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo yahusu kuandikiana na kushuhudiza. Mwislamu anayetia saini bila kusoma amelidharau funzo hilo.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, unaojulikana kwa herufi MLC, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Haki zake ni za kujivunia. Baharia apewe nakala ya mkataba wake wa kazi. Alipwe kila mwezi, na awezeshwe kupeleka sehemu ya mshahara nyumbani. Apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Apate likizo ya malipo isiyopungua siku mbili na nusu kwa kila mwezi aliofanya kazi. Arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye chombo. Na akitelekezwa, iwepo dhamana ya kifedha ya kumlipa mishahara hadi miezi minne. Mtume (S.A.W.) alikwisha tuamrisha, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Lakini sikilizeni kwa makini, enyi wake na wazazi. Mkataba huo wa MLC unavihusu vyombo ambavyo kwa kawaida vinafanya shughuli za kibiashara. Yoti inayokodishwa kwa wageni wanaolipa imo ndani yake. Yoti binafsi, ambayo mwenyewe huitumia yeye na familia yake na marafiki zake bila kuikodisha, kwa kawaida haimo. Baharia aliyezoea kinga ya meli za mizigo aweza kupanda yoti binafsi akidhani haki zile zimepanda pamoja naye, kumbe ameziacha gatini. Huko ngao yake itakuwa ni maneno yaliyoandikwa katika mkataba wake, pamoja na sheria ya nchi ambayo yoti inapeperusha bendera yake. Ndiyo maana kila kitu kiandikwe: mshahara, siku ya malipo, saa za kupumzika, matibabu, na tiketi ya kurudi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka na matajiri wa Urusi wakawekewa vikwazo, yoti zao kadhaa zilizuiliwa bandarini, kuanzia Italia hadi Fiji. Baharia aliyekuwa akiosha sitaha hakuwa na hatia yoyote, lakini chombo kilichokuwa kikimlisha kilishikwa, na aliyekuwa akimlipa hakufikika.

Tunapowafikiria watu hao twakumbuka kisa cha Nabii Musa na Khidhri katika Surat al-Kahf. Aya ya 79 yaeleza kuwa jahazi lile lilikuwa la maskini waliofanya kazi baharini, na mbele yao alikuwapo mfalme aliyenyakua kila chombo kizima. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliitolea dalili aya hiyo: watu wale walikuwa na jahazi, na bado Qur'ani imewaita maskini, kwa sababu maskini aweza kuwa na kitu na kisimtoshe. Basi jirani asimwonee kijana wijaa kwa sababu ya picha aliyopigwa juu ya yoti inayong'aa. Huenda chombo kile ni cha mamilioni, na aliyesimama juu yake bado anangojea mshahara wa mwezi uliopita.

Kuhusu madalali, tuseme wazi. Chini ya MLC ni marufuku kwa wakala kumtoza baharia pesa ili ampatie kazi. Gharama anazoweza kubeba baharia ni cheti cha afya cha nchi yake, kitabu cha baharia, na pasi ya kusafiria. Viza haimo. Anayewaambia muuze dhahabu ya mama au kiwanja cha urithi ili "nafasi ishikwe" anastahili kushukiwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala wa mabaharia, na ofisi yake iko hapa hapa Mombasa. Nendeni mkaulize jina la wakala kabla ya kutoa shilingi moja. Wala kijana asidanganywe aende Ulaya kwa viza ya utalii akatembee gatini kuomba kazi kama wafanyavyo vijana wa nchi nyingine. Viza hiyo haimruhusu kufanya kazi, na akishikwa atarudishwa na jina lake kuandikwa.

Jambo la tatu: sala na mwili wake

Maji ya bahari ni twahara, kwa hadithi mashuhuri, kwa hivyo baharia hana udhuru wa kukosa udhu. Tatizo la yoti ni wakati. Wageni hukaa hadi usiku wa manane, na asubuhi sitaha yatakiwa iwe kavu. Amweleze nahodha mapema kwamba ana sala tano, kila moja ya dakika chache. Manahodha wengi humheshimu mtu aliyesema tangu mwanzo kuliko anayetoroka kazini kimya kimya.

Kuhusu kupunguza sala, aya ya 101 ya Surat an-Nisaa imetoa ruhusa kwa msafiri. Katika madhehebu yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi na hukamilisha sala zake. Anayengojea jambo asilojua litamalizika lini, kama yoti inayowangojea wageni wakati wowote, aruhusiwa hadi siku 18. Na baharia aliyekwisha kuwa mkaazi wa Antibes asidhani kuwa matembezi ya mchana mmoja hadi Monaco yamemfanya msafiri tena, kwani ni mwendo mfupi sana kuliko masafa ya sharia yanayokaribia kilomita 80.

Aulize pia kuhusu mavazi. Yoti nyingi huvalisha mabaharia kaptura, na baadhi hutaka ndevu zinyolewe. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kaptura ndefu inayofunika magoti yaweza kuombwa kabla ya kuajiriwa, na ni vigumu kuombwa baadaye.

Jambo la nne: nyumba aliyoiacha

Imepokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alimsikia usiku mwanamke akilalamika upweke, mumewe akiwa vitani. Akamuuliza binti yake, Bibi Hafsa (R.A.), mwanamke aweza kumsubiri mumewe muda gani. Riwaya zatofautiana baina ya miezi minne na sita. Umar akaamuru askari wasizuiliwe kupita muda huo.

Msimu wa yoti wafikia miezi mitano, na kijana anayeunganisha Mediterania na Karibi aweza kupitisha mwaka mzima. Kwa maafisa na mafundi wa yoti kubwa zipo kazi za zamu, ambapo mtu hukaa chomboni miezi michache kisha akapumzika muda kama huo. Huo ni utaratibu bora kwa mwenye mke, hata kama mshahara wake ni mdogo. Akitaka kukaa zaidi, amtake mkewe radhi, na radhi hiyo isiwe ya kulazimishwa. Haki ya mke ni mbili: matumizi na mume mwenyewe. Pesa zinazotumwa kila mwezi zalipa haki moja.

Nawe dada uliyebaki nyumbani, usiwe mtu wa kupokea pesa tu. Jua jina la yoti, bendera yake, na nambari ya kampuni inayoiendesha. Weka nakala ya mkataba ndani ya sanduku lako. Pesa za msimu zina mwisho; panga nawe miezi isiyo na kazi kabla haijafika.

Wazazi wametuuliza pia kuhusu mabinti wanaoitwa kuwa wahudumu wa ndani. Twajua kwamba shida ni nyingi na kwamba binti ataka kuwasaidia wazazi wake. Lakini kazi yenyewe ni ile ya meza na vinywaji, safari ni ya miezi bila maharimu, na vyumba vya mabaharia ni vidogo vya watu wawili wawili. MLC yataka wanaume na wanawake watengwe vyumba vya kulala. Yoti binafsi haifungwi nayo. Rai yetu ni kwamba asiende, na jamii imtafutie njia nyingine kwa vitendo, si kwa kumkataza tu.

Maswali ya kuuliza mezani

Kabla ya saini, familia iketi pamoja na baharia awajibu haya: Yoti ni binafsi au ya kukodishwa? Yapeperusha bendera ya nchi gani? Mabaharia ni wangapi, na wageni wakiwepo yeye atashika nini mkononi? Nani humlipa, na siku gani ya mwezi? Tiketi ya kurudi ni ya nani? Atarudi lini? Na ameshamwambia nahodha kwamba anasali?

Akiyajibu yote na majibu yakawa safi, mwombeeni dua na mumpe mkono wa kwaheri. Akishindwa kulijibu la tatu au la mwisho, angoje. Meli za mizigo bado zaingia Kilindini kila siku, na riziki aliyoandikiwa mja haipandi yoti ikamwacha.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mabaharia wetu bara na bahari, wape riziki ya halali iliyo pana, na uwarudishe salama kwa watu wao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.